Kilosa, Msimu wa Thenkyu

Anayetaka kusikia habari za usajili apande treni ya umeme ya kawaida, ile inayosimama Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Ile ya haraka ina wakubwa wenye kompyuta mapajani, na hakuna anayemsemesha jirani yake. Ya kawaida ina watu, na mwezi Julai watu hao wana mada moja.

Ilikuwa Julai 2025. Tarehe 25 Juni Yanga waliifunga Simba 2-0 katika mechi iliyokuwa imeahirishwa tangu Machi, wakachukua ubingwa wa nne mfululizo, na baada ya hapo vilabu vikaingia kwenye kipindi ambacho mashabiki wamekipa jina lao wenyewe: msimu wa thenkyu. Siku hizi mchezaji hafukuzwi wala hatemwi. Jioni klabu inaweka picha yake mtandaoni, inaandika maneno mawili ya Kizungu ya kushukuru, basi. Amepewa thenkyu. Kijana aliyekaa mbele yangu, fundi umeme kwa jinsi nilivyoliona begi lake, alikuwa akichungulia simu kila mtandao uliporudi.

"Leo nani kapewa?" aliuliza mama mmoja aliyejitanda kanga ya kijani na njano, rangi za Yanga.

"Bado, mama. Wanasubiri watu watoke kazini."

Jina lililowaka siku zile lilikuwa la Mohamed Hussein, Tshabalala, nahodha wa Simba, beki wa kushoto aliyeingia klabu hiyo mwaka 2014 akitokea Kagera Sugar. Mkataba wake ulikuwa umefika mwisho. Fundi umeme alisema Simba wakimwachia watajuta. Mama wa kanga alisema miaka 11 ni mingi, apumzike. Babu mmoja aliyekuwa amefumba macho tangu Pugu akafumbua moja na kusema beki wa pembeni haulizwi umri, anaulizwa mapafu, akalifumba tena. Kabla msimu mpya haujaanza, Tshabalala alikuwa amevaa jezi ya Yanga. Sijui mama yule alilipokeaje.

Nilikuwa nakwenda Kilosa, mji niliokuwa naujua kwa redio tu. Nilisikia habari zake wakati wa mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipovunja tuta, ukaingia mjini, ukaharibu reli ya kati na kuwapeleka maelfu ya watu kwenye mahema. Nilizisikia tena kwenye siasa, kwa sababu mbunge wake wa wakati huo, Profesa Palamagamba Kabudi, ndiye aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo tangu Desemba 2024. Kufika sikuwahi. Aliyenivuta ni katibu wa timu moja ya kata wilayani humo, mtu niliyefahamiana naye kwa simu baada ya kusoma makala yangu moja kuhusu mawakala wa wachezaji. "Dada mwandishi," aliniambia, "huko mnaandika usajili wa wenye hela. Na sisi tuna kikao chetu Jumamosi. Njoo."

Nilikuwa na sababu nyingine, ya ndani zaidi. Kwa muda nilikuwa nimeshikwa na ugonjwa wa takwimu za besiboli. Mchezo wenyewe niliuona kwa mara ya kwanza Dar es Salaam, kwenye uwanja wa Shule ya Sekondari Azania uliojengwa kwa msaada wa Wajapani na kufunguliwa mwaka 2018, na nakiri kwamba bado kuna sheria zake zinazonipita. Lililoninasa ni jinsi Wamarekani wanavyoishi miezi ambayo hawachezi. Klabu ya ligi yao kuu ina orodha ya watu 40 na kikosi cha 26, na majira ya baridi yote kazi ni kuamua nani abaki kwenye orodha, nani aachwe, nani atarajiwe kufanya nini mwakani. Wametunga kanuni za kukisia hayo. Nilitaka kujua kanuni hizo zingesemaje mbele ya kamati isiyo na hata kibao cha kuandikia.

Baada ya Morogoro, Milima ya Uluguru inabaki nyuma na treni inaingia tambarare ya Mkata. Julai nyasi zimekauka, mahindi yamevunwa, mabua yamelala. Ng'ombe wanaonekana kwa mbali, kisha mkonge, kisha milima ya Usagara inasimama mbele. Zaidi ya Kilosa reli inapenya milima hiyo kwa mahandaki manne, moja likiwa na urefu wa zaidi ya kilomita moja, na abiria wa Dodoma huandaa simu zao mapema ili wapige picha ya giza. Mimi nilishuka.

Dereva wa bodaboda aliyenibeba alikuwa mchezaji. Sikumuuliza, aliniambia mwenyewe kabla hatujafika barabara kubwa, na aliniambia pia kwamba kikaoni ataachwa. "Nimesikia," alisema. "Goti." Akaendesha kimya mpaka kwenye daraja la Mkondoa, ambao wakati huo wa mwaka ulikuwa na mchanga mwingi kuliko maji, ukatili wake wote umefichwa. Kisha akaongeza, "Lakini bila mimi timu haina usafiri. Tutaona."

Kilosa ni mji uliokua kwa ajili ya reli na mkonge, na bado unakaa kwa adabu ya stesheni: nyumba za zamani zenye kuta nene, miembe mikubwa, maduka yanayofunguliwa mapema. Kutoka stesheni ya zamani tawi moja la reli linakwenda kusini, Mikumi hadi Kidatu. Mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye ni mlezi wa timu, alinikaribisha chai na mihogo akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mkoa wa Morogoro una reli za vipimo vitatu. Hii ya zamani, njia ya Wajerumani iliyofika Morogoro mwaka 1907, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA inayopita Kidatu ina 1,067. Hii mpya ya umeme ina 1,435. Behewa la moja haliwezi kupita kwenye nyingine. Mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya.

"Wachezaji nao wako hivyohivyo," alisema mzee. "Mnafikiri mtu aliyefunga hapa atafunga kule. Mpaka umshushe umpakie upya."

Mzee huyu alikuwa shabiki wa Reli ya Morogoro, ile iliyoitwa Kiboko ya Vigogo kwa kuwa Simba na Yanga walikuwa wakiiogopa kwenye Uwanja wa Jamhuri. Zilikuwa enzi za timu za kazini: reli, tumbaku, polisi, sukari. Mchezaji alisajiliwa kwa kupewa ajira, na akistaafu mpira anabaki na ajira. Hakukuwa na thenkyu. Alipoonekana mzito uwanjani alihamishiwa karakana, na Jumatatu alikuwa kazini na pensheni yake inahesabika. Mzee hakusema enzi hizo zilikuwa bora. Alisema tu zilikuwa rahisi kwa makatibu.

Kikao kilifanyika jioni mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la mwenyekiti, viti vya plastiki, taa moja. Wajumbe: mwenyekiti, katibu, kocha ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, mzee wa reli, na mama lishe mmoja aliyekuwa mweka hazina, ambaye bila yeye, nilikuja kutambua, hakuna ambalo lingeamuliwa. Katibu alikuwa na kaunta buku lenye jalada la gazeti. Ndani yake kuna misimu kadhaa: nani alikuja mazoezini, nani alifunga na dhidi ya nani, nani anadaiwa nauli, nani aliomba ruhusa kwenda kuvuna mpunga. Nimeingia ofisi za klabu za Ligi Kuu ambazo hazina daftari la namna hii.

Timu ilikuwa ikijiandaa na ligi ya wilaya. Bingwa wa hapo huenda ligi ya mkoa, bingwa wa mkoa hukutana na mabingwa wenzake wa mikoa, na huko ndiko mlango wa ngazi za taifa ulipo. Majina kwenye daftari yalikuwa thelathini na kitu. Yaliyotakiwa kubaki ni 18. Nilipouliza kama ndiyo kanuni ya mashindano, walicheka wote.

"Ndiyo viti vya Hiace," alisema mweka hazina.

Basi niwaambie wakubwa wa soka letu wanaogombana kila mwaka kuhusu wachezaji wa kigeni 12, wawe 10, wawe 14: Kilosa ukomo wa usajili unawekwa na kampuni ya magari ya Kijapani. Na ni ukomo mzuri, kwa sababu haubishaniwi. Wakati wa ujenzi wa reli mpya, alinieleza katibu, walipungukiwa hata na hao 18; vijana walipata vibarua, wakawa wanatoka kazini jua limezama, na kiungo chote cha kati kikawa kinacheza kikiwa kimechoka. Katika daftari msimu ule una nukta nyekundu. Kocha hataki ahukumiwe nao mtu yeyote.

Hapo nikaona nafasi yangu. Niliwaeleza kanuni ya besiboli niipendayo kuliko zote, kwa kuwa ndiyo nyepesi kuliko zote. Aliyeitunga ni Mmarekani anayejulikana kwa jina la Tom Tango, akaiita Marcel, jina la tumbili wa tamthilia moja ya runinga, kumaanisha kwamba hata tumbili angeweza kuikokotoa. Unachukua misimu mitatu ya mchezaji. Msimu wa mwisho unaupa uzito wa tano, wa kabla yake nne, wa kabla ya huo tatu. Ukipata wastani wake, unamvuta mchezaji kuelekea wastani wa ligi nzima, kwa sababu katika kila mafanikio makubwa kuna bahati ndani yake, na bahati haisaini mkataba wa miaka miwili. Mwisho unaangalia umri: aliye chini ya 29 anaongezewa kidogo, aliyevuka anapunguziwa.

Mwalimu alichukua chaki ya fundi dukani na kuanza kuandika ukutani. Tuliwaweka Fiston Mayele na George Mpole. Msimu wa 2021/22 Mpole wa Geita Gold alikuwa mfungaji bora kwa mabao 17, Mayele wa Yanga akawa na 16. Msimu uliofuata Mayele akafunga 17, sawa na Saido Ntibazonkiza. Tano mara 17 ni 85, nne mara 16 ni 64, jumla 149. Gawanya kwa tisa, unapata 16 na ushee kabla ya kumvuta kuelekea wastani. Mayele ana mizigo miwili kwenye mizani. Mpole alikuwa na mmoja mkubwa tu, na kanuni ingemvuta chini kwa nguvu zaidi. Ndivyo ilivyokuwa: 17 yake haikurudi tena katika ligi yetu. Stephane Aziz Ki alifunga 21 msimu wa 2023/24. Msimu uliofuata kiatu cha mfungaji bora kilichukuliwa na Jean Charles Ahoua wa Simba kwa mabao 16, na Aziz Ki hakuwa karibu na 21 yake.

"Kwa hiyo sisi," alisema mwenyekiti akiuangalia ukuta wake, "kila mwaka tunanunua mabao ya mwaka jana."

Sikuweza kuyaboresha maneno hayo. Vilabu vyetu vikubwa vina kila kitu kinachohitajika kwa hesabu ya tumbili: dakika, mabao, umri, video za mechi zote. Lakini ukikaa karibu na watu wanaosajili, unachosikia ni jicho. Nilimwona. Ana damu ya kipekee. Alitusumbua sana tulipocheza nao. Mchezaji akifunga dhidi ya mkubwa mara moja, bei yake inapanda mara tatu, na akishindwa anaitwa garasa, kwamba ndiye aliyedanganya. Hakudanganya mtu. Alikuwa na wiki nzuri mbele ya macho yasiyo sahihi.

Kisha katibu akauliza swali lililobomoa mhadhara wangu. Aliuliza polepole, akiwa ameshika kalamu. "Na asiye na hata msimu mmoja kwenye daftari, tumbili anampa ngapi?"

Jibu la kanuni ni la ajabu, nami nililijua. Asiye na rekodi anapewa wastani wa ligi. Mgeni kabisa, mtoto wa kidato cha nne, muuza maji wa stendi, bingwa wa baadaye na yule asiyejua hata kupokea mpira, wote wanaandikiwa namba ileile. Kwa mahesabu ni uamuzi wa busara kabisa. Kwa Kilosa, ambako zaidi ya nusu ya wanaoomba namba hawajawahi kuandikwa popote, maana yake ni kwamba kanuni imenyamaza.

Mzee wa reli alitikisa kichwa kwa furaha isiyofichika. Alitaja Mtibwa Sugar. Mwaka 2016 Simba waliwachukua kwa mkupuo Shiza Kichuya, Muzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim kutoka Mtibwa, na Oktoba mosi mwaka uleule Kichuya aliifunga Yanga kwa kona iliyoingia moja kwa moja wavuni. Simba waliona bao. Lakini kuna mtu Turiani, alisema mzee, kwenye mashamba ya miwa, aliyewaona vijana wa namna hiyo kabla hawajafunga lolote la kuandikwa. "Huyo hamjaandika makala yake." Mtibwa walishuka daraja mwaka 2024 wakarejea 2025 kwa kuwa mabingwa wa Championship, na mkoa mzima ulikuwa umetulia kwa habari hiyo, maana kijana wa Kilosa sasa ana mahali pa karibu pa kuota.

Kwa hiyo naamini, na sijapata wa kunibadilisha, kwamba vitu hivi viwili vimekaa upande usio wao. Jicho linatumika Dar es Salaam, kunakohitajika hesabu. Wanaolazimika kuishi kwa jicho tupu, huku wilayani, ndio wanaotunza daftari.

Majina yalianza kukatwa. Makipa walikuwa wanne, wakabaki wawili bila maneno mengi. Mmoja wa walioachwa anaishi Kimamba na nauli yake ilikuwa imeshaandikwa mara nyingi kwenye safu ya madeni. Mshambuliaji mmoja alitetewa kwa umri. Cheti kinasema 19, alisema kocha, na mweka hazina akajibu kwamba alisoma darasa moja na mdogo wake wa kwanza, tena mdogo huyo sasa ana mtoto anayeanza shule. Kila mtu akaangalia pembeni. Kanuni yangu ya umri wa 29 ilikufa hapo pia, kwa kuwa haijui kama tunahesabu umri wa cheti au umri wa mpira.

Ikafika zamu ya nahodha, na nahodha ndiye dereva wangu wa bodaboda. Goti lake halina hoja. Daftari lilionyesha kwamba mechi za mwisho alitolewa kabla ya mapumziko. Kwa Simba au Yanga hiyo ni picha moja na maneno mawili. Hapa baba yake anaswali safu moja na mwenyekiti. Dada yake anamuuzia mama lishe mkaa. Mpira wa mazoezi, ule unaotumika hivi sasa, aliununua yeye kwa hela ya abiria. Nilitazama watu watano wazima wakiukwepa mstari mmoja wa daftari. Chai iliongezwa. Yakazungumzwa mambo ya nyavu, ya jezi zilizochujuka, ya refa mmoja wa upande wa Rudewa.

Mweka hazina ndiye aliyekata shauri. "Ana leseni ya kuendesha Hiace?"

Anayo.

"Dereva hahesabiwi kwenye viti vya abiria."

Katibu akaandika jina la nahodha juu kabisa ya ukurasa, mbele ya namba moja, mahali ambapo hapana namba. Atakwenda na timu kila mechi, atavaa jezi, ataongea na refa, na kama tukiongoza mabao matatu ataingia dakika za mwisho. Dereva waliyekuwa wakimkodi ndiye aliyepewa thenkyu, na yeye si mtu wa kata hii.

Nafasi moja ilibaki wazi, ya winga wa kulia. Kijana wanayemtaka anaishi Mikumi, na asubuhi katibu na mimi tukaondoka kwenda kumwona.

Kati ya Kilosa na Mikumi kuna kata inaitwa Ulaya. Wenyeji wamechoka na utani wake, lakini katibu alinisubirisha hadi kwenye kibao ndipo akasema, kwa uso mkavu, kwamba ana wachezaji wawili wanaokipiga Ulaya na mmoja alirudi kwa sababu ya malaria. Barabara ile ina vumbi lake, mashamba ya ufuta na alizeti, watoto wanaopunga mkono. Katibu alitumia muda huo kunieleza kwa nini hataki kusikia kwa mtu: winga huyu anasifiwa na watu waliomwona kwenye ndondo moja tu, tena akicheza dhidi ya timu ya madereva.

Mikumi ni mji wa barabara. Malori ya Zambia na Kongo yanalala hapo, mabasi ya Mbeya na Songea yanasimama kula, na upande wa mashariki kuna hifadhi iliyotangazwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230. Vijana wa mji huu hawalimi kama wenzao wa Kilosa. Wanaziba pancha, wanauza maji na korosho madirishani, wanaosha malori, wengine wanaongoza wageni. Winga wetu anaziba pancha. Tulimkuta amelala chali chini ya trela, miguu tu inaonekana, na katibu akanigusa kiwiko kunionyesha miguu hiyo, kwa heshima, bila kusema kitu.

Jioni tulimwona uwanjani. Sitamsifu kupita kiasi, maana nimeshasema ninavyoogopa jicho la siku moja. Mguso wake wa kwanza ulikuwa wa kawaida. Mguu wa kushoto anautumia kusimamia tu. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo daftari lolote lingelikosa. Kila beki alipomkaribia hakuangalia mpira wala beki, aliangalia nyuma ya beki, mahali pasipokuwa na mtu, na baada ya muda mfupi mpira ulikuwa hapo na yeye pia. Alifanya hivyo akiwa amechoka, kipindi cha pili, baada ya kufungua matairi ya malori tangu alfajiri. Krosi zake nyingi hazikumkuta mtu. Katibu hakuandika krosi hizo. Aliandika mara ngapi alifika.

"Tumbili angemwona?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba angempa wastani wa ligi.

Mazungumzo ya usajili yalifanyika penye kibanda cha chipsi. Katibu alimpa ofa yote kwa pumzi moja: nauli ya kwenda na kurudi, sahani ya chakula siku ya mechi, viatu vya nahodha ambavyo sasa havina kazi kubwa. Kijana alisikiliza kwa adabu, akamwita katibu baba kila mara, kisha akaanza kuhesabu. Jumapili ndiyo siku ya malori mengi. Mechi moja ya Kilosa ni siku nzima bila pancha. Nani atamfidia? Na kama Mtibwa au timu yoyote ikimwita, atazuiwa? Alitaka iandikwe kwamba hatazuiwa. Nimewasikia wachezaji wa Ligi Kuu wakisaini bila kuuliza hilo, na wengine wakaja kusota miezi mbele ya kamati za shirikisho kutafuta uhuru wao. Sakata la Feisal Salum na Yanga lilianza Desemba 2022 na halikuisha hadi Juni 2023 alipokwenda Azam. Huyu wa pancha aliliwaza kabla ya chipsi kupoa. Katibu aliliandika jina lake kwa penseli.

Asubuhi niliagana nao nikapanda basi la kwenda Morogoro. Barabara kuu inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, na madereva wanapunguza mwendo kwa kupenda au kwa matuta. Nyani walikuwa wamekaa pembezoni wakisubiri maganda ya ndizi. Tuliona swala pala wengi, pundamilia, twiga watatu wakivuka bila haraka, na basi zima likasimama kuwasubiri. Anayemgonga mnyama hapa analipa, na kila mnyama ana bei yake. Twiga na tembo ndio ghali zaidi. Simba yuko chini yao. Utingo, aliyevaa jezi ya njano, aliwatangazia abiria jambo hilo kwa sauti ya kunadi.

"Simba bei yake ndogo kuliko twiga! Siyo mimi, ni serikali!"

"Twiga ni dada zetu wa timu ya taifa," alijibu mtu wa nyuma. "Wametoka kucheza Morocco, Kombe la Afrika. Simba wenu ametoka kucheza wapi?"

"Simba si wetu!"

Basi likacheka mpaka lango la mwisho. Tulipokaribia Doma simu yangu ilipata mtandao, na ujumbe wa katibu ukaingia. Winga amekubali. Ila Jumapili hachezi mpaka saa tisa alasiri, baada ya malori ya Tunduma kupita, kwa hiyo kamati inaomba ratiba ibadilishwe, na kama haitabadilishwa nahodha atamfuata kwa bodaboda. Mweka hazina ameshapiga hesabu ya mafuta.